Posa, Pombe na Bibi Yangu wa Issenye



Siku wanawake wa upande wa bwana harusi walipokuja kwetu kuniona, mambo yalikwenda vizuri mpaka sinia ya kahawa ilipofika. Udi ulishachomwa, mama alishasifiwa mikate yake ya kumimina, na mimi nilikaa na mtandio wangu kama mtu asiyeweza hata kuua inzi. Ndipo shangazi yake, mwanamke mwenye heshima zake, akaniuliza nasomea nini. Nikamwambia niko kwenye shahada ya uzamivu, historia.

“Mashaallah. Historia ya nini, mwanangu?”

Mama akakohoa. Kikohozi kile nakijua tangu utotoni, maana yake ni nyamaza. Lakini nilikuwa nimejiapiza kwamba sitaingia kwenye nyumba ya watu kwa uongo.

“Historia ya pombe,” nikasema. “Na ya watu walioikataa.”

Nusu ya pili ya jibu langu hakuna aliyeisikia. Kabla ya Isha habari ilikuwa imeshafika Mwembetanga: yule msichana anasomea ulevi.

Leo nataka niwaeleze kazi yangu, kwa sababu kila ninapokwenda shughulini lazima mmoja wenu anivute pembeni aniulize kwa sauti ya chini. Ila siwezi kuieleza bila kuanza na bibi yangu.

Bibi mzaa mama ni mtu wa Issenye. Wengi wenu mtakuwa mnalisikia jina hilo kwa mara ya kwanza. Issenye iko mkoa wa Mara, wilaya ya Serengeti, upande wa magharibi wa hifadhi ile ambayo wageni wanaokuja kupumzika Nungwi huwa wametoka kuitembelea. Ukitoka Unguja unapanda boti hadi Dar, basi la siku nzima na zaidi hadi Bunda, halafu unashika barabara ya kuelekea Mugumu. Waissenye ni watu wachache. Lugha yao inakaribiana sana na ya majirani zao Wanata na Waikoma, na wazee wao husimulia kwamba zamani waliishi mashariki zaidi, ndani ya eneo ambalo leo ni mbuga. Ni wakulima na wafugaji, na zamani walikuwa wawindaji hodari.

Mama alizaliwa huko. Alisomea uuguzi, akapata kazi Musoma, akakutana na baba yangu, mtu wa Makunduchi aliyekuwa mtumishi wa serikali kule. Akasilimu, wakaoana, wakahamia Unguja. Kila akiulizwa mama yake anafanya kazi gani, alijibu: “Ni mkulima wa ulezi.” Na ni kweli, bibi alilima ulezi. Asichosema mama ni kwamba ulezi ule haukuliwa ugali wote. Sare zake za skuli, ada, na nauli ya kwenda chuo cha uuguzi vilitoka kwenye chungu cha pombe.

Mimi nililijua hilo nikiwa na miaka ishirini na moja. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni na maktabani nikakutana na kitabu cha Justin Willis, mwanahistoria Mwingereza, kiitwacho Potent Brews, kilichotoka mwaka 2002. Ni historia ya pombe Afrika Mashariki tangu mwaka 1850 hadi 1999. Nilikichukua kwa mshangao tu. Mtu mzima na elimu yake anawezaje kukaa miaka akiandika habari za vilabu vya pombe? Nikakisoma kwa siku tatu. Likizo ilipofika nikamuuliza mama kama kwao Issenye walikuwa wakipika. Akanyamaza kwa muda mrefu, akachukua kitambaa akafuta meza iliyokuwa safi, halafu akanieleza yote.

Nikaamua kuwa hii ndiyo itakuwa kazi yangu.

Siyo fani ya watu wawili watatu, jamani. Emmanuel Akyeampong aliandika historia ya pombe ya Ghana mwaka 1996. Charles Ambler na Jonathan Crush walikusanya makala kuhusu pombe na vibarua Kusini mwa Afrika mwaka 1992. Wapo waliotumia maisha yao kuchunguza harakati za kupinga ulevi: Padri Mathew wa Ireland, aliyeanza mwaka 1838 kuwaapisha watu kwa maelfu kwamba hawatakunywa tena, au wanawake wa Marekani walioanzisha umoja wao wa Kikristo wa kupinga ulevi mwaka 1874. Wale wanawake walichoshwa na waume wanaonywa mshahara wote Jumamosi, na mwanamke wakati huo hana kura, hana sauti mahakamani. Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima kuanzia mwaka 1920, na mwaka 1933 ikairuhusu tena. Na Waafrika nao hawakusubiri kufundishwa. Khama, mfalme wa Wangwato katika nchi ambayo leo ni Botswana, aliikataza nchini kwake, na mwaka 1895 yeye na watawala wenzake wawili walisafiri hadi Uingereza kudai, pamoja na mengine, kwamba wafanyabiashara wa pombe wawekwe mbali na watu wao.

Sisi wa visiwani tunadhani mambo haya hayatuhusu, lakini hata methali tunayowafundishia watoto inamtaja mgema na tembo lake. Na mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia saini mkataba Brussels. Lengo lake kubwa lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, lakini ulikuwa na sehemu juu ya pombe kali katika eneo la Afrika kutoka latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini. Mahali ambapo pombe hizo hazijaenea, iwe kwa sababu ya dini ya watu au sababu nyingine, zisiingizwe kabisa. Unguja imo ndani ya eneo hilo, na Issenye imo. Baadaye serikali za kikoloni za huku kwetu zikaendelea kumkataza Mwafrika pombe kali mpaka miaka ya 1950, huku Mzungu akinywa kwenye klabu yake. Hapo utaona kwamba si kila anayekataza anakataza kwa ajili ya Mungu.

Kazi yenyewe ya kila siku haina raha mnayodhani. Ni kukaa kwenye nyaraka, Dar au pale Kilimani kwetu, na kufungua majalada yanayonuka vumbi. Maofisa wa wilaya wanalalamika nafaka inaishia kwenye vyungu kabla ya mvua. Wamisionari wanahesabu walioanguka dhambini na waliorudi. Nimesoma kurasa mamia, na katika zote sijaona mtu aliyekwenda kumuuliza mpikaji. Nani alichota maji? Nani alitafuta kuni? Pesa zilikwenda wapi?

Kwa upande wa Mara nilikuwa na bahati, kwa sababu yupo mwanahistoria Mmarekani, Jan Bender Shetler, aliyefanya kazi miaka mingi na wazee wa magharibi ya Serengeti, Waissenye wakiwemo. Kitabu chake cha mwaka 2003 kimekusanya historia zilizoandikwa na wenyeji wenyewe. Cha mwaka 2019 kinahusu kumbukumbu za wanawake wa Mara: nani kaolewa wapi, nani ndugu wa nani, njia gani chakula kilipita wakati wa njaa. Nilipokisoma nilisema, naam, huyu kakaa jikoni.

Basi nikaenda Issenye na kinasa sauti, nikakaa jikoni kwa bibi.

Alinieleza pombe ya ulezi kama sisi tunavyomweleza mtu pilau. Unaloweka ulezi, unautandaza na kuufunika mpaka uote, hicho ndicho kimea. Unakianika, unakisaga. Unga mwingine, wa mahindi au mihogo, unaukanda na kuuacha uchachuke, halafu unaukaanga mpaka uwe rangi ya kahawia. Kisha vyote vinaingia kwenye maji pamoja. Siku ya kwanza ni kitamu, mtoto anakunywa. Siku zinazofuata kinaanza kuchemka chenyewe bila moto. Hapo nikamkatiza, kwa sababu nilikumbuka darasa letu la fiqhi: Mtume (SAW) alikuwa akilowekewa tende au zabibu kwenye maji na kunywa, na ikizidi siku ya tatu hakuinywa tena. Bibi akaniangalia. “Kwa hiyo na yeye alijua siku,” akasema. Bibi ni Mkristo, lakini aliitikia kwa kichwa kama mpishi anayemkubali mpishi mwenzake.

Halafu akanieleza alivyoacha.

Kanisa la Mennonite lilifika Shirati mwaka 1934, na mwaka 1942 uamsho ule uliotoka Rwanda na Uganda ukawashika waumini wake pale. Wasabato nao walikuwepo Mara tangu kabla ya vita vya kwanza. Wote hawa walikataza pombe. Mpaka bibi anakua, kila kijiji kilikuwa na watu waliojulikana kuwa “hawanywi”. Yeye alikwenda kanisani miaka mingi na chungu chake kikiwa nyumbani. Kwanza aliacha kunywa. Baadaye akaacha kuuza, lakini akaendelea kupika kwa shughuli za wazee. Mwaka 1983, mama yangu akiwa ameshamaliza chuo, akaacha kabisa, vyungu akavigeuza vya maji. (Nilipokuwa nikimsikiliza nilifikiria aya zetu tatu, ile ya Al-Baqara, ya An-Nisaa, kisha ya Al-Maida. Watu wa Madina waliimwaga pombe mpaka ikatiririka njiani, lakini na wao walifikishwa pale kwa hatua.)

Mwaka 1985 ukafika wakati wa kumuoza khaloo wangu, mdogo wake mama.

Kwao ng'ombe wa mahari huhesabiwa mchana kweupe. Lakini kinachofunga jambo, alivyoniambia bibi, ni wazee wa pande mbili kukaa kwenye chungu kimoja na mirija yao mirefu. Anayekunywa ameshuhudia. Kesho kukiwa na ugomvi, mke akipigwa au ng'ombe wakidaiwa, yeye ndiye wa kuitwa, na hawezi kusema sijui. Bibi akakataa kupika. Babu akamwambia, “Unataka kuniaibisha.” Akamjibu atapika chai.

Msifikiri ilikuwa rahisi. Miaka ile sukari ilikuwa adimu Tanzania nzima, waulizeni mama zenu. Bibi aliikusanya kwa miezi, kikombe kwa kikombe, mwingine alitumiwa na mama kutoka Musoma. Siku ya siku akachemsha masufuria matatu ya chai ya maziwa na kukaanga maandazi. Wazee wakakaa, wakatazama. Mkubwa wao akakigeuza kikombe chake kifudifudi juu ya kigoda, akainuka akaondoka, na wengine wakamfuata. Chai ile ilinywewa na wanawake wa kanisani na watoto.

Kijijini wakaiita ndoa ya chai. Mwaka wa pili khaloo alirudi nyumbani usiku, mgongoni mtoto, usoni kavimba. Babu akawaendea wazee. Wakamwambia: sisi hatukunywa, hatulijui jambo hilo.

Nilizima kinasa sauti hapo kwa sababu bibi alikuwa analia. Baada ya dakika chache alinyoosha mkono akakiwasha mwenyewe.

Alichofanya ni hiki. Aliwaita wale wanawake waliokunywa chai. Wakatoka sita, kwa miguu, alfajiri, mpaka kwa wakwe. Wakakaa uani. Mkubwa wao akasema: sisi tulikunywa siku ya binti huyu, sisi ndio mashahidi wake, tumekuja kusikia. Baba mkwe mtu hajawahi kuona jambo kama hilo, hakujua awafukuze au awape viti. Akawapa viti. Wakakaa mpaka jioni. Khaloo alirudi kwa masharti yao, na mumewe hakumgusa tena, au kama alimgusa hakusema.

Sura nzima ya tasnifu yangu imejengwa juu ya viti vile sita. Kuacha pombe, kwa watu ambao pombe ndiyo iliyokuwa hati yao ya ndoa, hakukuwa kuacha kikombe tu. Ilikuwa ni kubaki bila mashahidi mpaka utengeneze wapya. Wamisionari hawakuliandika hilo, kwa sababu waliona chungu kimevunjwa wakafurahi wakaenda zao.

Na ninapoandika haya nawafikiria na sisi. Tuna walii, tuna mashahidi wawili, sharia imetupa kila kitu tayari. Lakini dada yangu unayehangaika na rangi ya sare na bei ya mpambaji, umeshauliza mashahidi wako watakuwa nani? Ukirudi usiku na mtoto mgongoni, utawapata wapi? Mimi nilikuwa sijauliza.

Nirudi kwenye posa. Ami yake bwana harusi aliweka mguu chini. Alileta hadithi ya watu kumi waliolaaniwa katika pombe: anayekamua, anayebeba, anayeuza, anayekula thamani yake na wengineo. Hadithi ipo na siikimbii. Nililia nayo usiku kucha, maana mama yangu kasomeshwa kwa thamani yake na mimi nimezaliwa na mama yangu. Nikaenda kwa ukhti aliyenisomesha Qur'ani utotoni. Akanikumbusha kwamba Uislamu hufuta yaliyo nyuma yake, na mama aliingia mtupu kama mtoto aliyezaliwa. Kuhusu kazi yangu akanitajia Hudhaifa bin Al-Yamani (RA), ambaye wenzake walipokuwa wakimuuliza Mtume (SAW) mambo ya kheri, yeye alikuwa akiuliza ya shari kwa kuchelea yasije yakamfika. “Na wewe umepewa swali lake,” akaniambia. “Lakini uliza kwa adabu.”

Aliyemaliza jambo hata hivyo si mimi wala ukhti. Mama alivaa baibui lake akaenda peke yake kwa mama mkwe wangu. Kitu alichokificha miaka zaidi ya thelathini akakisema kwenye baraza la watu: mama yangu alikuwa mpika pombe, ndiye aliyenisomesha. Mkwe alikaa kimya akichambua mchele wake. Halafu akauliza swali moja.

“Aliacha lini?”

“Mwaka themanini na tatu.”

“Basi aje harusini.”

Bibi alikuja, na miaka yake themanini na zaidi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona bahari, na kwenye boti alishika mkono wa mama safari nzima. Shangazi naye alikuja. Mpaka leo akinitambulisha kwa watu husema “mkwe wetu mwalimu”, na hasemi wa nini. Nimemzoea.

Nikahi ilisomwa msikitini baada ya Alasiri. Ndani wanawake tulisikia vigelegele tukajua kumeshakuwa. Mtu akamletea bibi kahawa chungu kwenye kikombe kidogo na kipande cha halwa. Akanywa funda moja, akakunja uso. Nilimwambia kwamba mwaka 1511 hata hii ilipigwa marufuku Makka, walidhani inalevya, na kwamba neno lenyewe, qahwa, Waarabu wa kale walilitumia kwa mvinyo. Hakuvutiwa sana. Alikuwa na swali lake.

“Wazee kule nje ndicho wanachokunywa?”

“Ndicho, bibi.”

“Na wangekigeuza kikombe? Ndoa ingekuwepo?”

“Ingekuwepo. Mashahidi wawili walishasikia kabla ya kahawa.”

Akafikiri. “Wawili tu?”

“Wawili tu.”

Akatikisa kichwa, akawatazama wanawake waliojaa chumbani, wakwe na majirani na mashoga zangu wote na hina zao, akawahesabu kwa kidole polepole kwa lugha yake mpaka akafika sita. Halafu akaomba kipande kingine cha halwa.